Pilipili Iliyomeza Tambi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, karatasi ilitoka kwenye printa ndogo ya jikoni mwa mgahawa. Ilisema: *Meza 4. Pilipili: tambi. Vyakula: soseji, chai.*

Mama Lựu aliisoma mara mbili, upawa mkononi. Alikuwa akipika tambi za nyama ya ng'ombe mjini Huế, katikati ya Vietnam, kwa miaka ishirini na sita.

"Nhàn, mwanangu, hebu njoo. Huyu mteja anataka pilipili kali, kidogo, au tambi?"

Nhàn aliinuka na kompyuta yake. Programu ile ya oda aliitunga mwenyewe, likizo nzima ya chuo, na leo ndiyo ilikuwa inaanza kutumika.

"Meza ya nne hawajapata tambi?"

"Wamepata soseji na chai. Mzee wa watu ameshika vijiti, anasubiri." Mama Lựu alifunika sufuria. "Saa tatu wanakuja walimu kumi na wanne. Kama programu yako bado inakula tambi za watu, narudi kwenye daftari langu. Na hiyo printa utaipeleka chuoni."

Jirani yao Khuê, fundi wa programu, alikuwa akipata kifungua kinywa pale kila siku. Alisogeza bakuli lake pembeni.

"Meza zipi zilitoka sawa?"

"Ya kwanza na ya pili, kaka. Wageni kutoka Hanoi."

"Walisemaje kuhusu pilipili?"

"Kidogo tu. Wanaiogopa."

"Na meza ya nne?"

"Ni wa hapa hapa. Hawakusema..." Nhàn alikumbuka. Mtu wa Huế hasemi chochote kuhusu pilipili. Kwake kali ndiyo kawaida.

Akafungua programu. Mstari wenyewe ulikuwa huu:

karatasi(meza, pilipili="kali", *vyakula)

"Mbona pilipili umeitanguliza?" Khuê aliuliza.

"Mama huuliza pilipili kwanza."

"Mama yako anajua tambi si pilipili. Kompyuta haijui, inajaza nafasi kwa zamu. Umeipa nne, tambi, soseji, chai. Nne imekaa kwenye meza. Tambi imekaa wapi?"

"Kwenye pilipili."

"Hiyo 'kali' uliyoandika hutumika nafasi ikibaki tupu. Haikubaki tupu. Sasa, kile kinyota kinafanya nini?"

"Kinakusanya vyakula vyote vilivyobaki, hata viwe ishirini."

"Basi kiweke mapema. Pilipili ije nyuma yake."

Nhàn aliandika upya:

karatasi(meza, *vyakula, pilipili="kali")

"Sasa chakula hakiwezi kuangukia kwenye pilipili," Khuê alisema. "Asiyesema kitu anapata kali. Anayetaka tofauti, utaitaja kwa jina: pilipili="bila". Ukiandika 'bila' peke yake..."

"Itahesabiwa kuwa chakula."

"Na mama yako ataombwa bakuli la 'bila'."

"Nitamuuliza Nhàn kwanza," Mama Lựu alisema kutoka jikoni. "Khuê, kula, tambi zinavimba."

Nhàn alijaribu oda sita: tatu zenye pilipili iliyotajwa, tatu zisizotaja. Zote zilitoka sawa. Meza ya nne alipeleka tambi mwenyewe, akaomba radhi.

Saa tatu na dakika kumi walimu waliketi. Kumi na watatu hawakusema lolote kuhusu pilipili. Mmoja, mwenye vidonda vya tumbo, aliomba asiwekewe kabisa. Nhàn aliandika oda mbili, na karatasi mbili zikatoka. Ya kwanza: *Tambi* mara kumi na tatu, *Pilipili: kali*. Ya pili: *Tambi. Pilipili: bila*.

Mama Lựu alizisoma mara moja tu, akaanza kuchota.

Saa tatu na dakika thelathini na moja, mabakuli yote kumi na manne yalikuwa mezani, na mwalimu mwenye vidonda vya tumbo alikuwa ameshaanza kula.