Chaki Mkononi mwa Fundi

Maneno yalianzia bombani: mshipa wa fahamu ukikatika haurudi, mkono hukauka kama kuni. Yakamganda Mama kama kupe. Binti yake, fundi cherehani, alikuwa amekatwa na kioo kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Daktari aliuunga mshipa na kidonda kikafunga, lakini vidole vitatu havikuhisi kitu. Fundi bila vidole atashona na nini?

Jirani akashauri viamshwe kwa maji ya moto. Binti akatumbukiza mkono huku akipiga soga, wala hakuona joto. Alipoutoa, malengelenge tele.

Kliniki, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyaona, asigombe.

"Mama yangu, kidole kisichohisi hakijafa. Kinangoja."

Akaeleza kwamba mshipa uliounganishwa hukua upya kama mmea unaotambaa. Mwili wenyewe hutengeneza chakula cha ukuaji pale penye njia yake, kikaulisha na kuuita mbele. Chakula hicho hakiuzwi sokoni. Wakati mwingine haurudi wote, na ukirudi, huenda milimita moja hivi kwa siku.

"Basi kobe ni mwanariadha," binti akasema.

Mtaalamu akacheka, akamwomba chaki yake ya kukatia nguo. Akagonga polepole kuanzia kwenye kovu. Binti alipohisi kama chungu wanatembea chini ya ngozi, mtaalamu akaweka nukta. Mama akakiri alidhani chungu wale ni sumu. Kumbe ndiyo ncha ya mshipa, inabisha hodi.

Tangu hapo, kila Jumapili Mama aligonga, binti akasema "hapo", wakapima kwa futi. Nukta zikashuka kiganjani, zikaingia vidoleni. Mwezi wa nane tangu aumie, binti akitunga uzi, sindano ilimchoma.

"Mama, imeuma."

Mama alicheka hadi akakaa chini.

"Hebu rudia, mwanangu."

"Nijichome tena?"

"Kidogo tu."

Nawe uliyekatika mshipa, sikia:

Usichelewe hospitali.

Usiamshe kidole kwa maji ya moto, mkaa wala pini. Maji yapimwe kwa mkono ule usioumia.

Usinunue dawa ya mtaani ya kuotesha mishipa.

Usiache mazoezi kwa kuwa huoni kitu; chungu wako njiani.

Na ya bombani, chota maji tu.