Bahari Huulizwa Kwanza

Mabruka alikuwa fundi wa kusuka tabaga, ule mfuniko wa rangi ambao Wanubi wa Kibra hufunikia chakula. Akishapalilia mahindi yake, aliketi kibarazani kusuka, huku binti yake Saadia akimvurugia nyuzi.

Mwaka wa 1952 mumewe, Hamdan, alipata likizo. Wakapanda garimoshi kwenda kumtembelea Zeinabu, dada yake Hamdan, aliyeolewa katika kisiwa kimoja cha pwani.

Siku ya pili Zeinabu alikwenda sokoni, na Hamdan hakuwa na subira. Maji yalikuwa yamepwa, na fungu la mchanga mweupe limejitokeza mbali kidogo na ufuo. Kwao Kibra, kijito kikikauka hubaki kikavu mpaka mvua inyeshe. Nani angedhani maji yatarudi bila wingu?

"Tumngoje wifi," alisema Mabruka.

"Mama Saadia, baba yangu alivuka Nile. Mimi nishindwe na mchanga?"

Wakavuka, maji yakiishia vifundoni. Wakala kisra, mkate wao mwembamba waliokuja nao chini ya tabaga, Saadia akachezea mchanga, Hamdan akalala fofofo. Mabruka alipogeuka kuchukua tabaga yake, aliiona inaelea. Akatazama walikopita. Pale palikuwa sasa na maji mengi, tena yanakwenda kwa kasi. Akambeba mtoto na kumwamsha mumewe.

"Nitaogelea, niite watu," alisema Hamdan, akivua shati.

Mabruka alimshika mkono. "Hujui kuogelea. Na huyo baba yako alivuka Nile kwa meli."

Hamdan alivaa tena shati. Wakasimama mahali palipoinuka zaidi, Mabruka akafungua leso yake na kuipunga. Maji yalikuwa yamewafika magotini walipoona mtumbwi. Zeinabu, aliyerudi kutoka sokoni na kuiona leso, ameketi mbele, na jirani yake anapiga kasia.

Walipokanyaga ufuo, Mabruka alilia kwa furaha, akamkumbatia Saadia mpaka mtoto akalalamika.

"Mmefanya vyema kutoingia kwenye mkondo," Zeinabu alisema. "Lakini wifi, bahari hupwa na kujaa kila siku, mvua iwepo isiwepo. Kabla hujashuka ufuoni, waulize wenyeji maji yatajaa saa ngapi. Mwambie mtu unakokwenda. Ogeleeni karibu na ufuo, na mtoto asipite urefu wa mkono wako."

Kesho yake waliuliza kwanza. Wakaenda na Zeinabu, mahali wenyeji wanapoogelea. Hamdan hakupita maji ya kiunoni. Aliweka kiganja chini ya mgongo wa Saadia, na mtoto akaelea huku akicheka. Mabruka alicheka pia, roho imetulia.

Tabaga ilipatikana ufuoni, chumvi imefifisha rangi zake. Mabruka aliitundika ukutani Kibra vivyo hivyo. Siku moja jirani yao Lukman alikuja kuaga, anapeleka watoto pwani.

"Umeshauliza habari za maji?" Hamdan alimwuliza.

"Maji gani? Baba yangu alivuka Nile."

"Kwa meli, Lukman," alisema Hamdan, akamvutia kiti. "Keti hapa nikueleze."