Orodha ya Kilima Namba Saba

Haya yalimpata shangazi yangu, dada wa baba. Si mtu wa kutia chumvi, nami nayaeleza kama alivyoyaeleza.

Kazini walimwita Bi Faili. Alikuwa mtunza nyaraka, na kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika chumba kilichochimbwa chini ya jengo la ofisi ya ardhi, chumba kisicho na dirisha, rafu za chuma zimejaa majalada ya enzi za walowezi. Nani alipewa bonde lipi, mto gani ulifanywa mpaka, kilima kipi kilipachikwa namba. Watu wa ghorofa za juu walishuka mara moja moja, wakachukua walichotaka, wakapanda. Mume wake alikuwa amefariki zamani. Mtoto, Mungu hakumjalia. Wakati wa chakula cha mchana alikaa na wenzake meza moja, lakini maongezi yalimpita juu ya kichwa, na alipotia neno walinyamaza kidogo kwa heshima, kisha wakaendelea pale walipoishia. Basi akazoea kuongea na karatasi. Kila alichoshika alikisoma kwa sauti. Alisema sauti isipotumika hushika kutu.

Jumatatu moja, baada ya chai ya saa nne, mkuu wa idara alishuka mwenyewe na barua ya mahakama mkononi.

"Bi Faili, wanataka jalada la Kilima Namba Saba. Kuna watu wanadai wazee wao walifukuzwa pale kilima kilipopewa mlowezi. Wenye shamba wa sasa wanasema kilima kilikuwa kitupu, hakuna hata kibanda."

"Nitalitafuta, mkuu."

"Litafute." Akateremsha sauti. "Ila lisipoonekana, halikuonekana. Mchwa hawana adabu. Na wewe umebakiza miezi mitatu ustaafu, sivyo? Naweza kukuombea mkataba wa miaka miwili."

Bi Faili alimtazama akipanda ngazi. Alikijua kilichomngoja nyumbani: kiti kimoja, sufuria ndogo, na jioni ndefu kama barabara isiyo na watu.

Kabla ya saa sita alikuwa ameshalipata jalada. Juu kulikuwa na ramani, na katikati ya kilima mpima ardhi alikuwa ameandika neno moja kwa mwandiko mzuri: Tupu. Nyuma ya ramani, imekunjwa mara nne, palikuwa na karatasi ya karani wake. Orodha ya watu waliokutwa kilimani, siku tatu kabla ya hati ya mlowezi kutolewa. Karani hakujisumbua kuuliza majina. Aliandika kazi ya mtu, au ujamaa wake na mwenzake, na mbele yake alama ya dole gumba. Watu arobaini na mmoja.

Bi Faili akavaa miwani, akasoma kwa sauti kama kawaida yake.

"Mfinyanzi."

"Nipo."

Aligeuka akidhani kuna mtu kashuka. Ngazi hazikuwa na mtu. Akajisemea ni mabomba ya maji, jengo lenyewe zee. Akasogeza kidole mstari wa pili.

"Mrina asali."

"Nipo." Sauti ya mwanamume, nzito, kutoka rafu za mwisho.

"Mke mdogo wa mrina asali."

"Nipo." Sauti ya mwanamke, jirani na ile ya mwanamume.

Alisimama taratibu. Alipanda ngazi akishika ukuta, akaenda moja kwa moja kwa katibu muhtasi wa mkuu, akaomba fomu, akaandika: Jalada halikuonekana. Mkuu alitia sahihi huku akitabasamu.

Lakini kazi ni kazi. Kesho yake alishuka tena. Jalada lilikuwa mezani, pale pale alipoliacha. Siku nzima alilizunguka kama mtu anayezunguka nyoka. Chumba kilikuwa kimya. Saa tisa kikawa kimya zaidi. Na hapo, shangazi aliniambia akitazama chini, hofu haikuwa kubwa kuliko jambo jingine. Miaka mingapi alikuwa hajasema neno katika chumba kile akajibiwa?

Akaketi. Akasoma.

"Mfinyanzi."

"Nipo."

Ikawa desturi. Kila siku baada ya saa nane, wa juu wakisinzia kwa shibe, yeye alisoma orodha nao wakamwitikia. Alianza kuwatambua. Mfua chuma alikohoa kabla ya kuitika. Mama wa mapacha alikuwa na sauti ya mtu aliyetoka kucheka. Aliwauliza habari za asubuhi, hawakujibu. Aliwaambia habari za goti lake, kimya. Waliitikia mwito tu. Hata hivyo jioni alipopanda ngazi alihisi ametoka kwenye nyumba yenye watu.

Siku ya nne alibaini kwamba sauti zimesogea. Mfua chuma hakuwa tena rafu za mwisho. Alikuwa rafu ya tatu. Siku ya sita alikohoa nyuma ya kiti.

Siku ya saba alisoma kwa kunong'ona.

"Mama wa mapacha."

"Nipo." Karibu na bega lake.

"Pacha wa kwanza."

"Nipo."

"Pacha wa pili."

Kimya.

Akarudia. Ndipo akahisi pumzi. Ya baridi. Kwenye goti.

"Nipo," ilisema sauti ya mtoto, chini ya meza.

Bi Faili hakutikisika. Miwani ilimteleza hadi ncha ya pua, hakuirudisha. Mtoto akasema tena, polepole, kama anayemwonea huruma.

"Bibi, kila siku unatuita. Mbona hutupeleki?"

Alilia. Hakulia kwa woga. Alilia kwa aibu, maana yule mtoto alikuwa amesema kweli: alikuwa amewafungia chini ili yeye asiwe peke yake.

Asubuhi iliyofuata alilitia jalada mkobani. Alipanda ngazi ishirini na mbili, na katika kila ngazi aliyoiacha alisikia nyayo zikikanyaga. Nyayo pekupeku. Nyingi. Hakugeuka. Mlangoni mlinzi alimfungulia, akabaki ameushikilia mlango, macho yakihesabu hewa.

"Mama, leo una wageni," alisema kwa sauti ndogo.

"Waache wapite."

Mlango ulibaki wazi muda mrefu.

Mahakamani aliapa, akasema: "Niliandika kwamba halikuonekana. Nilisema uongo. Hili hapa." Karani wa mahakama akatoa nakala, hakimu akaamuru orodha isomwe. Shangazi akaomba aisome mwenyewe.

"Mfinyanzi."

Alisubiri. Hakuitikia mtu. Kisha kwenye mabenchi ya nyuma, walipokaa wadai, mzee mmoja akainuka akiegemea fimbo.

"Huyo alikuwa mama wa baba yangu," alisema. "Mitungi yake tunayo mpaka leo."

"Mrina asali."

Wakainuka watatu kwa pamoja. Akaendelea kusoma, nao wakaendelea kuinuka, mpaka mabenchi yakabaki matupu na wote wamesimama. Alipofika kwa pacha wa pili, aliinuka bibi mmoja mfupi, akasema huyo hakumwahi, alifia njiani siku ya kufukuzwa, lakini mama yake yeye ndiye aliyekuwa pacha wa kwanza.

Kilima kilirudishwa. Mkataba haukuja, wala shangazi hakuuulizia. Mezani kwa wenzake sasa hakuna aliyemsogezea kiti.

Jalada lilirudi kutoka mahakamani wiki yake ya mwisho kazini, ndani ya bahasha yenye lakiri nzima. Alishuka nalo chini, akaivunja lakiri. Ramani ilikuwepo. Karatasi ya karani ilikuwepo, na mikunjo yake minne. Ilikuwa nyeupe. Hakuna wino, hakuna dole gumba hata moja, wala mkwaruzo wa kalamu. Nakala ya mahakama ina kila kitu. Ile ya asili haina kitu. Aliigeuza, akaimulika taa. Akawaita kwa kumbukumbu, mmoja mmoja, wote arobaini na mmoja. Alisikia mabomba ya maji tu.

Jalada lilikuwa limefungwa kwa ugwe wa gome la mti, fundo ambalo hajapata kuliona. Karani wa mahakama aliapa kwamba yeye alilifunga kwa utepe mwekundu wa ofisi. Gome lilikuwa bichi, bado linatoa utomvu.

Shangazi alikwenda nalo nyumbani. Limo kabatini, ndani ya kitambaa, mwaka wa sita huu. Nimelishika mwenyewe mwezi uliopita. Vidole vilinata kwa utomvu.