Kichochoro Kilichofutwa Kwenye Ramani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tunu alifagia uwanja, akachota maji, kisha akabishana na bibi yake. Hiyo kazi ya mwisho ndiyo iliyokuwa inachukua muda mrefu.

"Bibi, Mwalimu kasema maji ya kunywa tuyachemshe. Kipindupindu kimeshafika ng'ambo ya reli."

"Na mkaa je, ataleta yeye?" Bibi Rukaiya aliuliza huku akikaza khanga yake. "Kisima hiki nakinywa tangu mama yako hajaota meno. Kingekuwa kinaua, kingeanza na mie."

Walikaa Tabata, kwenye kichochoro kilichoteremka kuelekea bonde dogo karibu na reli. Watu walipaita Bondeni. Miaka ile ya ruksa, kila mtu alipoachiwa kufanya lake, nyumba ziliota Tabata kama uyoga. Leo unapita njia, kesho njia ile ile unakuta mtu kaweka jiko na anakuuliza unatafuta nini kwake. Mitaa haikuwa na majina wala nyumba hazikuwa na namba. Ukitaka kumwelekeza mgeni ulimwambia, "Shuka kwenye mashine ya kusaga, pita kwa Khalfani fundi redio, ukisikia mtu anagomba ujue umefika kwa Bi Rukaiya."

Lakini ukali wote ule ulikuwa umeficha hofu. Bibi Rukaiya alikuwa haogopi nyoka wala mwizi. Aliogopa kubomolewa. Zamani kidogo walikuja watu wa serikali na kamba na vigingi. Wakapima, wakaandika, wakafunga mikoba yao, wakaondoka bila kumwambia mtu neno. Tangu hapo Bondeni hapakutulia. Wengine walisema inapita barabara. Wengine walisema linajengwa soko. Khalfani fundi redio, ambaye redio za watu zilimfanya ajue kila kitu, aliapa kwamba tajiri mmoja ameshalinunua bonde lote, pamoja na vyura wake.

Ramani ya ukweli ilikuwepo. Ilikuwa ofisi ya kata, ndani ya kabati la Bwana Albano, mtendaji, ambaye ufunguo wa kabati lile alitembea nao mkandani. Bibi aliwahi kwenda kuomba aione.

"Ramani ni mali ya serikali, mama," Bwana Albano alimjibu kwa upole.

"Na sie tuliomo ndani yake ni mali ya nani?" Bibi aliuliza.

Akaonyeshwa mlango kwa upole ule ule.

Siku ile shuleni kulikuwa na manung'uniko. Embe za pilipili zilikuwa zimepigwa marufuku getini kwa sababu ya ugonjwa, na darasa la sita walikuwa na nyuso za waliofiwa. Mwalimu Tekla, aliyewafundisha jiografia, aliingia akiwa na karatasi kubwa za manila chini ya kwapa.

"Bwana afya anataka kutia dawa kwenye visima vyote na kupita kila nyumba," alisema. "Lakini hajui visima viko wapi. Ameomba ramani ofisi ya kata, ameambiwa asubiri kibali kutoka juu. Ugonjwa hausubiri kibali. Kwa hiyo tutaichora wenyewe. Nani anajitolea?"

Mikono yote ikapaa. Lusungu, aliyekaa dawati moja na Tunu, alipaisha miwili.

"Kila mmoja atachora kichochoro chake," Mwalimu Tekla aliendelea. "Nyumba, kisima, choo, njia. Msichokijua msikibuni, nendeni mkakitazame."

Tunu alirudi nyumbani mbio. Alipima kichochoro kwa hatua, akachora nyumba ya fundi redio, akachora kisima, akachora mpaka banda la kuku. Alikuwa anachora nyumba yao wakati kivuli cha Bibi kilipofunika karatasi.

"Unafanya nini?"

"Nachora ramani, Bibi. Ya bwana afya."

"Unatuchora?" Sauti ya Bibi ilishuka. Tunu alikuwa ameizoea sauti ya kugomba. Hii ya chini hakuijua. "Walichora wale wa kamba. Sasa wamekutuma wewe umalizie. Haya, andika. Nyumba ya kwanza kuvunjwa, ya bibi yako."

"Bibi, sio hivyo!"

"Nitakwenda wapi mie na mguu huu? Na huyu mtoto?" Alimwonyesha Talha, mdogo wake Tunu, aliyekuwa anachimba mchanga kwa kijiko. Halafu akaingia ndani. Hakugomba tena, na hilo ndilo lililomchoma Tunu zaidi.

Tunu alikaa na ile karatasi. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Mwishowe akatoa kifutio. Akafuta nyumba yao, kisha ya fundi redio, kisha kisima, kisha kichochoro kizima. Hakuna tingatinga lililowahi kubomoa nyumba nyingi kwa upesi kiasi hicho. Mahali pake akaandika neno moja: VICHAKA.

Kesho yake Mwalimu Tekla aliitazama karatasi. "Bondeni hakuna watu kabisa?"

"Vichaka tu, mwalimu."

Lusungu alimgeukia taratibu. "Vichaka?" alinong'ona. "Juzi nimekula vitumbua kwenu. Vilipikwa na kichaka gani?"

"Nyamaza! Nitakueleza."

Hakumweleza. Alimkwepa mapumziko, akamkwepa njiani. Siku zilizofuata Tunu hakutulia mahali. Akienda kisimani, alichungulia maji kama anayedaiwa. Jioni moja aliliona gari la bwana afya likifika kwenye mashine ya kusaga. Bwana afya alifunua ramani ya watoto, akaitazama, akamwonyesha dereva kwa mkono, na gari likageuza.

"Alhamdulillahi," Bibi alisema mlangoni. "Wametupita."

Tunu alitaka kufurahi. Furaha haikuja.

Ilipofika Alhamisi, alirudi kutoka shule akamkuta Talha amelala kwenye mkeka barazani. Macho yalikuwa yamezama ndani na midomo imekauka. Alikuwa ameharisha tangu asubuhi, na choo chake kilikuwa cheupe kama maji yaliyooshewa mchele.

"Embe mbichi tu hizo," Bibi alisema akimpepea kwa upindo wa khanga. "Nimempa uji, katapika."

"Sio embe, Bibi. Ni kipindupindu. Mwalimu katufundisha. Chemsha maji, tia sukari na chumvi kidogo, mpe kwa kijiko. Akitapika, ngoja kidogo umpe tena. Usiache kumpa!"

Kwa mara ya kwanza Bibi Rukaiya hakubishana. Alikimbilia jikoni na mguu wake ule ule mbovu.

Tunu alipanda kichochoro mbio. Kwenye mashine ya kusaga alimpita Lusungu, naye Lusungu, bila kuuliza, akatupa mua wake akamfuata.

Ofisi ya kata waliwakuta Mwalimu Tekla na Bwana Albano wameinamia ramani ya watoto mezani. Bwana afya, jina lake Nikodemu, alikuwa anafungasha dawa ahamie kata nyingine.

"Shikamooni," Tunu alisema, pumzi ikimkatika. "Mdogo wangu ana kipindupindu. Talha. Nyumbani, Bondeni."

"Marahaba. Bondeni ipi?" Nikodemu akapitisha kidole kwenye ramani. "Hapa? Hapa pameandikwa vichaka."

Wote walimtazama Tunu.

"Mwalimu," Lusungu aliwahi, "labda kalamu ya risasi imefutika yenyewe. Unajua joto la Dar hili..."

"Haikufutika yenyewe," Tunu alisema. "Nimefuta mie."

Akaeleza yote, maneno yakigongana: vigingi, hofu ya Bibi, kifutio. "Nilidhani tusipokuwemo kwenye ramani, hawatatubomolea. Kisima chetu hakikutiwa dawa kwa sababu yangu."

Mwalimu Tekla alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua alisema, "Ya kufuta tutayaongea. Mtoto kwanza. Gari linafikaje?"

"Kutokea juu haliingii, mwalimu. Kichochoro chembamba."

"Kutokea upande wa reli?" Nikodemu aliuliza.

"Huko nyuma sijawahi kupapima. Kuna majani marefu."

Nikodemu alimgeukia mtendaji. "Wale wapimaji lazima waliingia na gari. Ramani yao itaonyesha. Fungua kabati, Bwana Albano."

"Bila kibali..."

"Tukisubiri kibali," Mwalimu Tekla alisema, "kitatukuta matangani."

Bwana Albano alimtazama Tunu. Halafu mkono wake ukaenda mkandani.

Ramani ilitoka ikinuka mende. Bonde lote lilikuwa limechorwa minazi, nyumba hata moja hakuna. Lakini kutoka relini mpaka kichochoroni palipita mistari miwili iliyoandikwa "barabara ya baadaye".

"Hiyo!" Nikodemu alisema. "Hapo ndipo walipopita wapimaji, gari linapita. Sasa, pamejengwa nini juu yake?"

Hilo ramani ya serikali haikulijua. Tunu alishika kalamu. Safari hii, kwenye ramani ya watoto, alichora vyote: nyumba, kisima, banda la kuku. "Mpaka hapa ni majani tu. Halafu hapa kuna jiko letu la makuti. Gari liishie kabla ya jiko."

Likaishia kabla ya jiko. Lilikanyaga majani, likafukuza kuku, likasimama, na Nikodemu akambeba Talha mwenyewe. Kwenye kambi ya wagonjwa wa kipindupindu walimtundikia maji ya mshipani. Bibi alikaa pembeni ya kitanda. Ilikuwa siku ya pili, jua likizama, Talha alipofumbua macho akauliza kama vitumbua vimebaki. Bibi aligeukia ukuta, akajifuta uso kwa khanga.

"Usingempa yale maji ya sukari na chumvi, asingefika," Nikodemu alimwambia.

Kisima cha Bondeni kilitiwa dawa. Wagonjwa wengine wawili waligunduliwa mapema kwenye kichochoro kile kile, nao wakapona.

Tunu bado hakutulia. Jumatatu alirudi ofisi ya kata peke yake.

"Shikamoo, baba. Ile ramani naomba uitundike ukutani, watu waione."

"Watu wote?" Bwana Albano alishtuka. "Unajua watakavyosema?"

"Wanasema hata sasa, baba. Wanasema tajiri kanunua mpaka vyura."

Bwana Albano alitaka kucheka, akajizuia. Hakuahidi kitu. Lakini wiki ile alikwenda mjini kwa wakubwa wa ardhi, akiongozana na Mwalimu Tekla, wakazitandika ramani zote mbili juu ya meza moja. Moja ilikuwa na minazi, nyingine ilikuwa na watu. Wakubwa walizunguka meza wakazitazama, wakakohoa, wakaitana. Bwana Albano alirudi Tabata na uso wa mtu aliyekwenda kung'olewa jino akaambiwa ni zima. Alikuwa na ruhusa: ramani inakiliwe, itundikwe, na wanaojitolea waijaze.

Siku ilipotundikwa, nyumba zikiwa zimeshachorwa ndani yake, watu walijaa mpaka uwanjani. Bibi Rukaiya alipasua kundi kwa kiwiko.

"Nionyeshe," alimwambia Tunu. "Inapita wapi?"

Tunu alifuata mstari kwa kidole. "Inapita hapa nyuma, Bibi. Nyumba haiguswi. Inagusa jiko."

"Jiko?"

"Jiko tu."

"Jiko la makuti?" Bibi alishika kiuno. "Miaka yote hii sipati usingizi kwa ajili ya jiko linalovuja? Si mngeniambia ningelihamisha mwenyewe!"

Watu waliangua kicheko. Khalfani fundi redio tu hakucheka. Mstari ulikatiza nyumba yake katikati. Aliuwekea kidole.

"Ni lini?" aliuliza.

"Mwaka haujapangwa," Bwana Albano alijibu. "Njoo tukae, tutazame haki zako mapema."

"Nitakuja." Khalfani aliondoa kidole. "Uchungu, lakini bora nimejua. Nilikuwa nataka kuongeza chumba."

Mwalimu Tekla alimvuta Tunu pembeni, na Lusungu akasogea karibu akijifanya anafunga kamba ya kiatu, ingawa alikuwa amevaa kandambili.

"Tunu, ulifuta kwa sababu ya kumpenda bibi yako," mwalimu alisema. "Lakini ramani ya uongo haimlindi mtu. Aliyekuja kukudhuru bado ana macho, ila aliyekuja kukusaidia ndiye anayepotea. Ulikosea, ukasema ukweli ulipokuwa mgumu kuusema, na mdogo wako yuko hai. Lishike hilo." Kisha akapaza sauti kidogo, ili imfikie Bwana Albano. "Na sisi wakubwa tuna letu. Tungeiweka wazi ramani hii tangu mwanzo, mtoto asingekuwa na sababu ya kushika kifutio. Kinachowahusu watu kisifungiwe kabatini."

Bwana Albano aliinamisha kichwa. "Nimesikia, mwalimu. Kabatini nitaweka mafaili yangu na mende."

Bibi alikuwa bado kasimama ukutani, pua karibu inagusa karatasi.

"Tunu! Kisima cha nyuma ya mashine ya kusaga mbona hakimo?"

"Hakuna kisima kule, Bibi. Tuliuliza, wakasema hakuna."

"Walikuogopa kama nilivyokuogopa mie. Wanakifunika kwa bati." Bibi alijitanda khanga vizuri. "Chukua kalamu, na huyo mwenzio mla vitumbua aje. Mie nitawabishia hodi. Mie hawanidanganyi."