Mkono Juu ya Kizingiti

Jambo la kwanza Uliana aliloliona ni kwamba mezani pale vijiko tu ndivyo vilivyozungumza. Kila asubuhi, katika nyumba hiyo ya shambani karibu na mji wa Võru, kusini mwa Estonia, watu walikula uji wa shayiri kimya, wakainuka, wakaenda kazini. Uliana, mtoto wa Narva, mji wa mpakani wa Estonia ambako wengi huzungumza Kirusi, aliyezoea meza yenye kelele za lugha hiyo, alikuwa ameletwa akae na familia ya Waestonia kiangazi kizima ajifunze lugha yao. Bila lugha hiyo, shule ya sekondari aliyoitamani mjini Tartu isingempokea.

"Wamekauka kama samaki wa kuning'inizwa," alimwambia mama yake kwenye simu, akibetua midomo. "Tena wananidharau. Njoo unichukue Jumamosi."

Leelo, binti wa nyumba hiyo, aliyesoma Kirusi shuleni, aliyasikia yote. Walipokuwa wakichuma stroberi, aliibwaga ndoo chini.

"Ati sisi ndio wenye dharau, na Jumamosi unataka kuchukuliwa? Wewe malkia! Siku uliyofika, mama alikunyooshea mkono mlangoni, ukaruka nyuma kana kwamba ana upele!"

"Yeye alikuwa ndani, mimi nje!" Uliana alijibu kwa Kiestonia cha kuungaunga. "Kwetu hatupeani mkono juu ya kizingiti. Huleta ugomvi."

"Ushirikina mtupu!"

"Na nyinyi mnakula kama mko msibani!"

Aita, mama yake Leelo, alikuwa akichuma mstari wa pili. Alinyoosha mgongo.

"Kumbe!" alisema. "Tangu siku ile najiuliza mtoto huyu ameona uchafu gani mkononi mwangu. Uliana, sisi tukinyamaza mezani, tumeridhika. Ungekuwa mgeni tusiyempenda, ningejilazimisha kupiga soga."

Leelo aliangua kicheko. Uliana naye akashindwa kujizuia.

"Msicheke tu," Aita aliendelea. "Sote watatu tumehukumiana bila kuulizana, na mimi mtu mzima nimo. Usipoielewa tabia ya mtu, muulize kabla ya kumdharau. Haya, Jumamosi unaondoka?"

Uliana alivitazama vidole vyake vyekundu. Kisha akasema kwa Kiestonia jambo ambalo hata mama yake hajawahi kulisikia.

"Nabaki, Mama Aita. Nimezaliwa nchi hii. Nataka siku moja nifungue mdomo dukani, asiwepo wa kuniuliza nimetoka wapi."