Bwana Harusi Kanyamaza

"Sitara, fungua basi. Nina haraka, nimetoroka kazini."

Nilifungua mlango nusu. Fikirini alikuwa amesimama barazani kwetu, Mtaa wa Sikukuu, shati jeupe limepigwa pasi, mkononi ameshika tundu jipya la ndege lililopakwa rangi ya dhahabu. Siku nane tu zilikuwa zimepita tangu anivunjie uchumba kwa barua, naye anagonga kama mtu aliyefuata sinia lake.

"Umefuata nini?"

"Sultani. Maonyesho ni Jumamosi."

Barua yenyewe nilikuwa naijua kwa moyo. "Kwako Bi Sitara. Baada ya salamu, nakuarifu kwamba wazee wangu wameona nimwoe Siwema, binti wa Mzee Sadalla wa Msimbazi. Usinifikirie vibaya. Wasalimie chiriku."

Wasalimie chiriku! Jamani, mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Chiriku hao ni wangu mimi. Marehemu baba, Shaibu, alikuwa baharia, na jozi ya kwanza ya wale wa manjano aliniletea mwenyewe nikiwa na miaka kumi na miwili. Nikawalisha uwele na yai la kuchemsha, nikawawekea sufi ya kujengea viota, wakazaana mpaka ukuta wote wa uani ukawa matundu matupu. Lakini msichana aliyekwisha kuposwa asimame ukumbini mbele ya wanaume? Mama alisema labda yeye awe kaburini. Basi mchumba wangu Fikirini akawa anawapeleka maonyeshoni kwa jina lake. Akachukua kombe mwaka hamsini na nne, akachukua tena hamsini na tano. Kariakoo nzima ikamwita Fikirini wa Chiriku. Mzee Sadalla, tajiri anayependa ndege kuliko chakula, akamwona kijana wa maana na akamkaribisha nyumbani. Huko ndiko alikomwona Siwema.

"Unataka nikupe Sultani, ndege wangu," nikamuuliza, "ukamfurahishe mkweo?"

"Mara hii tu, Sitara. Mzee amesema nikishinda, siku ya harusi inatajwa palepale. Nifanyie hisani, kwa yale mapenzi yetu ya zamani."

Mkono uliniwasha. Nikauficha ndani ya kanga.

"Na nipe jike pia," akaongeza.

"Jike wa nini?"

"Nataka niwaweke wote wawili humu. Bwana na bibi harusi, tundu moja! Wakimaliza kushindanishwa, namkabidhi mzee iwe zawadi. Umeliona tundu lilivyo zuri?"

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikaufunga.

Maana kila mfuga chiriku analijua jambo hili: dume huimba akiwa peke yake, anaita mke. Mtilie jike mgeni, kazi yake inakuwa kumfukuzia, kumlisha mdomoni na kumzungukazunguka. Kuimba anasahau kabisa. Na maonyeshoni ndege hupewa dakika kumi tu za kuimba mbele ya mwamuzi.

"Subiri," nikasema kwa sauti tamu mpaka mwenyewe nikajishangaa. "Nikuchagulie jike mzuri."

Mama alinikuta uani nimesimama mbele ya tundu tupu la Sultani.

"Umempa?"

"Nimempa, mama. Na mke nimempa."

Mama aliniangalia, akaangalia tundu, akaketi juu ya kinu na kucheka mpaka akashika mbavu. Kisha akajifuta uso kwa kanga.

"Mwanangu, na sisi tutapata nini hapo?"

"Jina langu. Jumamosi nakwenda ukumbini."

"Huendi!"

"Mama, ulinizuia kwa sababu nimeposwa. Sasa nani kaniposa?"

Jumamosi akanipa buibui lake jipya.

Ukumbi wa Mnazi Mmoja ulijaa. Nilikaa nyuma kabisa, uso nimeufunika. Mbele alikaa Mzee Sadalla na fimbo yake, na upande wa wanawake alikaa Siwema, mikono imejaa hina. Mwamuzi alikuwa Bwana Aristides, fundi saa Mgoa, saa yake kiganjani.

"Fikirini wa Chiriku!" akaita.

Makofi. Fikirini akafunua tundu la dhahabu kwa mbwembwe.

"Waheshimiwa, bwana na bibi harusi!"

Watu wakashangilia. Halafu wakatulia wasikilize. Sultani akamsogelea jike. Jike akaruka juu. Sultani naye juu. Jike chini, Sultani chini. Dakika mbili. Dakika tano. Kimya.

"Mfanye aimbe, mwanangu," Mzee Sadalla akasema taratibu.

Fikirini akapiga mluzi. Akagonga tundu kwa kidole. Akatia uwele. Jasho likamshuka mpaka kwenye ukosi. Mimi nilikuwa nalihesabu kila tone, na sitawaficha, niliona raha.

"Dakika kumi," akasema Bwana Aristides.

"Ndege anaumwa!" Fikirini akapayuka. "Jana ameimba vizuri tu!"

Nikasimama.

"Haumwi. Mtoe jike."

Ukumbi mzima ukageuka. Nikapita katikati ya viti na kufunua uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mwenye ndege."

"Mzee, usimsikilize!" Fikirini akadakia. "Huyu ni jirani tu, ana wivu."

"Wivu ninao," nikasema. "Lakini ndege ni wangu. Bwana Aristides, nipe dakika kumi."

Bwana Aristides akamtazama Mzee Sadalla. Mzee akaitikia kwa kichwa. Nikamtoa jike, nikamtia katika tundu dogo nililoazimwa na mshindani wa karibu na kumpeleka nje ya mlango, asionekane. Nikarudi na kulifunika la Sultani kwa mtandio wangu, nikangoja, nikaufunua. Sultani akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Mke hayupo. Akatuna koo, akaanza.

Aliimba kumwita, jamani. Aliimba mpaka wauza kahawa wa nje wakasogea dirishani.

Mzee Sadalla hakupiga makofi. Alimgeukia Fikirini.

"Wewe umefuga chiriku miaka mingapi?"

"Sita, mzee."

"Mayai yao huanguliwa siku ya ngapi?"

Fikirini akabahatisha.

"Ishirini na moja."

"Hao ni kuku!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko.

"Siku ya kumi na tatu au ya kumi na nne," nikasema. "Na siku mbili za mwanzo kifaranga usimguse."

"Aliyenidanganya kwa ndege," akasema Mzee Sadalla huku akiinuka, "kwa binti yangu atanidanganya kwa lipi? Siwema, twende nyumbani."

Siwema alipita karibu nami. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

"Dada," akaninong'oneza, "wallahi sikujua kwamba alikuwa amekuposa. Aliniambia wewe ni mtumishi wao wa kusafisha matundu."

Nikamshika mkono, na hina ilikuwa bado mbichi.

Bwana Aristides akafungua daftari.

"Jina la mfugaji?"

"Sitara binti Shaibu. Andika lote."

Jumatatu mchana Fikirini akagonga kwetu. Safari hii aligonga kidogo.

"Ulijua hataimba," akasema.

"Nilijua."

"Ukaniacha niaibike mbele ya watu wote!"

"Nilikaa nyuma makusudi niuone ukumbi wote ukikutazama."

"Una roho mbaya, Sitara."

"Ninayo. Kingine?"

Akainama. Akaanza kulia, na Fikirini hakuwa mtu wa kulia.

"Wazee wangu watakuja tena. Tusameheane. Mimi nakupenda wewe, nilichanganyikiwa na sifa tu."

"Mtumishi wa kusafisha matundu," nikasema.

Akageuza uso upande wa mtaa.

"Hata mimi nakupenda," nikamwambia. "Mpaka leo. Ndiyo maana hasira hainitoki. Ungekuwa hunihusu ningekusamehe juzi ileile. Nenda, Fikirini."

Nikafunga mlango na kuuegemea kwa mgongo. Nilimsikia anapumua upande wa pili, muda mrefu. Nikabana komeo kwa mikono yote miwili, maana mikono yenyewe nilikuwa siiamini. Mwishowe viatu vyake vikashuka ngazi ya baraza.

"Nani huyo?" mama akauliza kutoka uani.

"Mtu tu, mama. Amekosea nyumba."