Betri Iliyolala Tupu

Stima ilipotea saa kumi kasoro robo, kama ilivyozoea kupotea mvua ya Mogogosiek ikianza kupiga mabati. Phelix Ogola hakushtuka. Alikuwa karani wa vitalu vya miche ya chai, mtu wa rekodi, na alijua kuwa kompyuta yake ya mapajani ingemvumilia dakika sita tu kabla ya kuzimika. Akahifadhi kazi upesi, akaenda jikoni, akamimina chai, akarudi. Ilikuwa bado inawaka. Akainywa chai yote. Inawaka. Mvua ikakatika, vyura wakaanza kelele zao, na skrini ilikuwa ingali inamwangalia.

"Leo umeamka vizuri," akaiambia, akacheka peke yake.

Mtu akianza kutaniana na betri, ujue nyumba yake imekaa muda mrefu bila mgeni. Mkewe, Molly, alikuwa amefariki mwaka wa tisini na tano. Hawakujaliwa mtoto, na ndugu zake wote walikuwa kule ziwani. Kilichobaki ni mashine hiyo. Molly alikuwa mpiga chapa. Aliinunua mtumba, na siku hizo betri yake ilidumu saa mbili na nusu. Alichapa huku akivumisha wimbo puani, wimbo usio na maneno. Alipozikwa, Phelix aliichomeka ukutani na hakuichomoa kwa miaka mitatu, maana kile kitaa chake cha kijani kilimfanya aone kana kwamba kuna mtu amekaa macho kumngoja. Betri gani itavumilia kulishwa hivyo mchana na usiku? Ilichoka. Saa mbili zikawa moja, moja ikawa dakika sita.

Fundi Ondieki wa Kericho mjini ndiye aliyempa dawa. "Umeizoesha kula kidogo kidogo, mzee. Wacha iishe kabisa mpaka izime yenyewe. Halafu uichaji usiku mzima. Itarudi."

Mafundi wa wakati ule wote walisema hivyo. Lakini siku ile ile betri ilipokwisha, Phelix aliitwa kwenye matanga ya shangazi yake. Akaiacha mashine mezani, kifuniko wazi, betri tupu, siku saba. Aliporudi ndipo akaichaji. Nyumba ikiachwa wazi siku saba, atakayeingia hapigi hodi.

Juma hilo, lile la mvua na vyura, betri ilidumu saa nzima. Juma lililofuata, saa tatu. Mwisho wa mwezi aliichomoa asubuhi akaenda kazini, na jioni akaikuta inawaka, ina joto kama mtoto mwenye homa. Kwenye matundu yake ya pembeni palitoka harufu ya mafuta ya nywele ya Molly. Kisha, chini kabisa, ule wimbo wa puani.

Phelix hakuogopa. Tuseme ukweli: alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Akaanza kuwahi nyumbani. Akaandaa vikombe viwili vya chai, akakaa mbele ya mashine na kuisimulia habari za Molly: walivyokutana kwenye foleni ya mshahara, mwanya wa meno yake ya juu, alivyochukia vitunguu. Kila aliposimulia, wimbo ulipanda kidogo, na betri ikadumu zaidi. Hakutaka tena kwenda kwa majirani. Wa nini majirani?

Jumapili moja, nje ya kanisa, mama mmoja mgeni alimuuliza marehemu mkewe alikuwa wa upande gani, Ahero au Kendu. Phelix akafungua kinywa. Hakujua.

Alirudi nyumbani mbio, akaichukua picha ya harusi ukutani, akamwona kijana aliyekuwa yeye, amevaa suti ya kuazima, na kando yake akamwona mwanamke wa gauni jeupe ambaye uso wake haukumwambia neno lolote, ni uso tu, uso wa mtu unayepishana naye sokoni, na kadiri alivyojitahidi kuyatafuta yale aliyoyajua, foleni, vitunguu, sauti yake akiamka, ndivyo alivyokuta mahali patupu baada ya mahali patupu, hadi akagundua kwamba yote aliyoisimulia mashine yalikuwa yamekwenda, na kwamba alibakiwa na mambo mawili tu ambayo hakuwahi kuyatamka mbele yake: jina la mkewe na wimbo wake. Mezani, betri ilikuwa imejaa pomoni. Haikuwa imechomekwa popote.

Kikulacho ki nguoni mwako, na chake alikuwa akikiandalia chai.

Akaenda kwa Chepkosgei, jirani yake aliyekuwa akimletea maziwa, ambaye wote walimwita Mama Kiptum. Akamweleza kwa kunong'ona, akigeuka kutazama njia.

"Hiyo betri uliacha tupu siku ngapi, Karani?" Mama Kiptum naye akashusha sauti.

"Saba."

"Na ilikuwa wazi?"

"Wazi."

"Woi! Kibuyu ya maziwa haiachwi tupu hivyo. Mama yangu alikuwa anatuchapa. Ukimaliza maziwa, unasafisha na makaa ya ule mti wa senetwet, halafu unajaza siku hiyo hiyo. Kitu tupu haikosi wa kukaa ndani." Akamtazama. "Na wewe ulikuwa unaongea nayo?"

"Kila siku."

"Basi ulikuwa unailisha."

Asubuhi yake walikutana nyuma ya zizi la Mama Kiptum. Phelix aliing'oa betri kwa mikono yake mwenyewe. Mama Kiptum akaweka makaa ya senetwet juu ya kipande cha bati, akaishika betri kwa koleo ndani ya moshi, akaanza kuomba kwa Kikipsigis, maombi ya kanisani. Betri ikaanza kuvuma. Haikuwa na kompyuta, haikuwa na waya, lakini wimbo ulikuwa ule ule. Ng'ombe wakarudi nyuma hadi ukutani.

"Phel," ikasema sauti ya mwanamke kutoka kwenye moshi. "Nina baridi, Phel. Nipe moja tu. Nitajie jina langu."

Phelix aliuma mkono wa koti lake. Jina lilikuwa limemfika kwenye ulimi, na alitaka kulisema kuliko alivyowahi kutaka kitu, kwa sababu miaka mitatu hakuna mtu aliyekuwa amemwita Phel. Akauma hadi jino likapita kitambaa. Betri ikavimba, ikapasuka, ikatoa maji meusi. Wimbo ukakoma.

Mama Kiptum hakushangilia. Alimkagua Phelix kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anayekagua chombo kilichotoka kuoshwa.

"Sasa ni wewe uko tupu," akasema. "Usilale huko peke yako. Kuja hapa, ukule, watoto wakupigie kelele wiki mzima."

"Mzee wako yuko kazini Litein, Mama Kiptum. Nikilala hapa watu watasema nini? Nitakuja kesho mchana."

"Si kesho, Karani. Leo."

Lakini aliona haya, akaenda zake. Jioni ikaja na mvua, stima ikapotea, akakaa mbele ya mashine iliyokufa akiungoja upweke wake wa kila siku. Haukuja. Kilichokuja ni harufu ya mafuta ya nywele, naye akaitafuta mezani, akaitafuta paziani, mwishowe akaipata kwenye kola ya shati lake.

Kesho yake hakwenda. Vitaluni wakasema karani siku hizi hachoki: hali chakula cha mchana, haketi, na mikono yake ina joto. Siku ya tatu Mama Kiptum alichukua kibuyu cha maziwa, akapiga hodi mlangoni kwake.

Phelix alifungua. Alikuwa anavumisha wimbo puani.

"Karani," Mama Kiptum akasema polepole, "bibi yako alikuwa anaitwa nani?"

Yule wa mlangoni akatabasamu, na katikati ya meno yake ya juu palikuwa na mwanya ambao Phelix hakuwahi kuwa nao.

"Karani ametoka," ikasema sauti laini ya kike. "Karibu ndani, mama. Nimebaki peke yangu."

Mama Kiptum akakiziba kibuyu kwa kiganja, akarudi nyuma hatua kwa hatua. Nyuma ya yule aliyesimama mlangoni aliiona meza. Juu yake palikuwa na kikombe kimoja cha chai.